Kadi za Matunda kwa Mtoto wa Miaka 3 hadi 6: Jinsi ya Kuzitengeneza Nyumbani na Kuzicheza Mpaka Zikubali

Nafundisha watoto wa darasa la awali hapa Mbeya. Kila muhula kuna mzazi anayenijia na mfuko wa kadi za matunda alizotengeneza mwenyewe, na malalamiko ni yale yale: "Mwalimu, mtoto kazicheza mara moja tu, sasa anazirusha." Nikizitandaza mezani naona kasoro tatu zinazojirudia. Kadi zimepinda kama chipsi. Mgongo wa kadi moja una maandishi ya boksi la sabuni na mwingine hauna, kwa hiyo mtoto ameshazijua bila kuzifunua. Halafu mzazi ameanza na kadi ishirini siku ya kwanza.

Zote tatu zina dawa. Fuata hatua kwa mpangilio huu, usiruke, hasa ya nne na ya nane. Ukimaliza utakuwa na jozi sita za kadi za kulinganisha na fumbo moja la vipande linalokua pamoja na mtoto.

## Vifaa vya kuandaa kabla hujaanza

- Boksi kubwa moja la duka la jumla, lile lenye mawimbi katikati. Liwe kavu na lisiwe limekanyagwa.
- Karatasi nyeupe za A4, kama 8 hivi.
- Karatasi ya manila ya rangi nzito (bluu, kijani au nyekundu), moja. Karatasi ya kaki inayotumika kujalidia madaftari nayo inafaa.
- Penseli, kifutio, rula.
- Makapeni nyeusi moja (kalamu ya wino mnene) na penseli za rangi au makapeni za rangi.
- Unga wa ngano, chumvi na siki kwa ajili ya gundi.
- Brashi ya rangi ya inchi moja, au kipande cha sponji.
- Kiwembe au kisu chembamba chenye makali, na mkasi.
- Ubao wa kukatia mboga.
- Kitu kizito: ndoo ya maji iliyofunikwa, mfuko wa mchele, rundo la vitabu.
- Mfuko wa kitambaa wenye kamba.

Usinunue gundi ya bei kubwa. Ile gundi ya maji ya kwenye chupa inafaa, lakini kwa kazi ya ukubwa huu itakuishia katikati. Gundi ya dukani yenye harufu kali iache kabisa, mtoto wa miaka mitatu bado anaonja kila kitu.

Kuhusu boksi nina neno. Watu wengi hukimbilia boksi jembamba la biskuti kwa sababu linakatika kwa urahisi. Likatae. Kadi nyembamba ikilala kwenye sakafu ya sementi, kidole cha mtoto hakipati pa kuingia ili ainyanyue. Atahangaika, atakwangua kwa kucha, mwisho ataikunja. Boksi lenye mawimbi lina unene wa milimita tatu hivi, na huo ndio unaomwezesha.

## Hatua ya 1: Chagua matunda sita ambayo umbo lake halifanani

Hapa kwetu nyanda za juu hatuna shida ya matunda. Parachichi na ndizi zinatoka Tukuyu, embe zinapanda kutoka Kyela, tufaha zinatoka Makete na Njombe. Shida ni kwamba mzazi anachagua kwa kufuata rangi nzuri, wakati macho ya mtoto mdogo yanahitaji umbo.

Seti yangu ya kwanza ni hii: ndizi, nanasi, parachichi lililokatwa katikati na kokwa lake, papai lililopasuliwa likionyesha mbegu, chungwa, na tikiti la kipande cha pembe tatu.

Funika rangi kwa mawazo yako, ubaki na mstari wa nje tu. Bado unaweza kuyatofautisha? Basi seti ni nzuri. Chungwa na chenza katika seti moja ni ugomvi wa bure. Embe na parachichi zima pia, maana yakichorwa na mtu asiye mchoraji yote yanakuwa viazi.

Sababu ya pili watu hawaifikirii. Kuna watoto, wavulana zaidi kuliko wasichana, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Mtoto wa namna hiyo ukimpa tufaha jekundu na tufaha la kijani atakosea kila siku, nawe utasema hana umakini.

Tunda ambalo mtoto hajawahi kulila liache kwa sasa. Kuna kadi za kununua zenye picha za matunda ya nchi za mbali. Mtoto atalinganisha picha, ndiyo, lakini hatakuwa na la kusema juu yake.

## Hatua ya 2: Chora mara moja, toa kopi tatu

Weka A4 wima. Kwa rula, chora miraba ya sentimita 9 kwa 9: miwili kwenda upande, mitatu kwenda chini. Itaenea, kwa sababu A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Kila mraba tunda moja, likijaza karibu mraba mzima.

Usichore tunda dogo katikati ya uwanja mweupe. Mtoto huona weupe kwanza.

Ukimaliza kwa penseli, pitishia makapeni nyeusi, mstari mnene. Kisha nenda duka la kutolea kopi utoe kopi tatu za karatasi hiyo, nyeusi na nyeupe tu. Mbili ni za jozi. Ya tatu ni ya akiba, na siku kadi ya kwanza itakapopotea utanikumbuka. Kama duka liko mbali, weka karatasi tupu juu ya mchoro, ubandike zote kwenye kioo cha dirisha mchana, mstari utaonekana na utaunakili.

Kwa nini usichore kila kadi upya? Kwa sababu ndizi ya pili itaelekea kushoto na ya kwanza kulia, na mtoto wa miaka mitatu hana hakika kama hizo ni jozi. Ana haki ya kushangaa.

Paka rangi karatasi zote kwa kikao kimoja na kwa kalamu zile zile. Kama mtoto anataka kusaidia, mtolee kopi yake nyingine aipake atakavyo, ile ya akiba ibaki.

Umefaulu ikiwa: mtu mwingine nyumbani akionyeshwa miraba yote, anataja matunda sita bila kuuliza "hiki nini?"

## Hatua ya 3: Pika gundi

Vijiko vikubwa 3 vya unga wa ngano. Robo kikombe cha maji baridi. Koroga mpaka kusiwe na donge hata moja. Maji ya moto ukiyatanguliza, unga wa nje unaiva na kufungia unga mkavu ndani, ndiyo yale madonge yanayotokeza chini ya karatasi kama chunusi.

Kisha mimina robo tatu ya kikombe cha maji yanayochemka huku unakoroga, rudisha kwenye moto mdogo dakika tatu hadi tano. Iwe kama uji mzito, na ile rangi nyeupe ya unga mbichi ipotee kidogo, ing'ae. Epua, tia kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kikubwa kimoja cha siki. Hivyo viwili vinachelewesha ukungu.

Unga wa muhogo nao unatoa gundi safi sana kama unao.

Onyo: uji huu ukiwa wa moto unanata kwenye ngozi na unaunguza vibaya kuliko maji. Mtoto akae mbali mpaka upoe kabisa. Upakie ukiwa baridi.

## Hatua ya 4: Bandika pande zote mbili za boksi

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anaikosea.

Karatasi ikilowa gundi inatanuka. Ikikauka inasinyaa, na kwa kuwa imeshashikamana na boksi, inalivuta. Kama karatasi ipo upande mmoja tu, boksi linapinda kuelekea upande huo, na hata ulikandamize kwa jiwe la kusagia litapinda tena ukiliachia. Dawa ni kubandika karatasi upande wa pili pia, ili zivutane sawa. Mivuto miwili inamalizana na kadi inabaki bapa.

Jambo zuri ni kwamba karatasi hiyo ya upande wa pili ndiyo itakayokuwa mgongo wa kadi, rangi moja kwa zote. Unatibu kupinda na unafuta maandishi ya boksi kwa mkupuo mmoja.

Fanya hivi:

1. Kata vipande viwili vya boksi, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko A4. Epuka sehemu yenye mkunjo.
2. Paka gundi nyembamba kwenye boksi, si kwenye karatasi. Karatasi ikipakwa inalegea na kuchanika mkononi.
3. Laza karatasi ya picha kuanzia upande mmoja, ukiifuta kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke.
4. Geuza mara hiyo hiyo, usisubiri ikauke. Bandika manila upande wa pili.
5. Weka kila ubao, yaani boksi lililokwisha kubandikwa, katikati ya karatasi mbili kavu za gazeti, kisha juu yake mzigo mzito uliosambaa. Baada ya saa mbili badilisha magazeti, maana yamenyonya maji.

Acha mpaka kesho. Mbeya mjini mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiwa kali, toa siku mbili. Tukuyu wakati wa mvua toa tatu, na usizitoe kwenye mzigo kwa haraka. Niliwahi kuacha mbao mbili dirishani kwa mama yangu huko nikitegemea jua. Jua halikutoka, na siku ya nne papai lilikuwa limeota manyoya. Tangu siku hiyo nakaushia karibu na jiko la mkaa likishapoa nusu, hatua mbili kutoka kwake, sio juu yake.

Umefaulu ikiwa: ukiulaza ubao mezani, pembe zote nne zinagusa meza, na ukiugonga kwa kucha unatoa sauti kavu kama mlango, sio sauti ya kitu kilicholowa.

## Hatua ya 5: Kata

Kiwembe kipya, rula, ubao wa kukatia mboga chini. Pitisha kiwembe mara tatu kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Nguvu inaponda mawimbi ya boksi na ukingo unabaki na ndevu. Kiwembe kifunge kitambaa upande unaoshika.

Pembe zikate kidogo kwa mkasi ziwe za mviringo. Pembe kali ndiyo inayoanza kuchanuka, na ndiyo inayochoma.

Utapata kadi 12.

## Hatua ya 6: Zijaribu kabla mtoto hajaziona

Majaribio matatu, dakika tano tu.

La mwanga. Inua kadi dhidi ya dirisha. Tunda likionekana kwa nyuma, mgongo haufai. Kwa boksi nene halionekani, lakini kama ulikaidi ukatumia boksi la biskuti, hapa ndipo utaumbuka.

La mgongo. Zifunike zote kumi na mbili. Angalia kwa dakika moja kama kuna unayoweza kuitambua: yenye tone la gundi, yenye pembe iliyokatwa zaidi, yenye doa. Ukiitambua wewe, mtoto ataitambua mapema zaidi. Watoto ni wapelelezi. Nilikuwa na mmoja aliyekuwa akishinda kila mara, nikamsifia wiki nzima, kumbe nanasi moja lilikuwa na alama ya jino, lake mwenyewe.

La ukubwa. Kadi za sentimita 9 hazina tatizo. Lakini ukishawishika kutengeneza ndogo, kumbuka kipimo hiki: kitu chochote kinachopita ndani ya bomba la katikati la karatasi ya chooni, asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kinaweza kumkaba.

## Hatua ya 7: Fumbo la vipande, na lianze na vipande viwili

Sasa tumia A4 nzima kwa tunda moja. Boksi na ubandikaji ni kama hatua ya 4.

Uchaguzi wa tunda unaamua kila kitu. Chungwa ni baya: kila kipande ni rangi ya chungwa, mtoto hana pa kushika. Nanasi ni zuri mno, kwa sababu juu kuna majani, katikati kuna macho yake, chini kuna kitako. Papai lililopasuliwa nalo linafaa. Mkungu wa ndizi pia, kama una subira ya kuuchora.

Picha ifike mpaka kwenye kingo za karatasi. Na nyuma ya tunda paka rangi tofauti: juu bluu ya anga, chini kijani cha nyasi. Ukiacha weupe pembeni, vipande vya pembe vinakuwa vyeupe vitupu, havina habari yoyote, na hata wewe utapanga kwa kubahatisha.

Kukata sasa. Wazazi wengi hukata vipande kumi na mbili palepale vyenye meno ya kuingiliana kama vile vya dukani. Kwa kiwembe na boksi, yale meno yanachanika siku ya pili. Mimi nakata hivi:

- Wiki ya kwanza: vipande 2. Mkato mmoja tu, katikati, kwa upana. Usiwe mnyoofu kabisa, uwe na wimbi moja pana kama kilima na bonde. Wimbi hilo linamwambia mtoto kipande kimekaa au hakijakaa. Mkato mnyoofu unakubali hata kikiwa kimegeuzwa.
- Akishaunganisha bila kusita mara tatu mfululizo: vipande 4. Kata kila nusu katikati kwa urefu.
- Baadaye: vipande 8. Kata kila robo mara moja tena.

Picha ni ile ile, tayari anaijua, kinachoongezeka ni ugumu peke yake. Ndiyo maana nasema fumbo linakua na mtoto. Ukikata vinane leo huwezi kuvirudisha kuwa viwili.

Mgongoni mwa kila kipande cha fumbo weka nukta ya rangi moja. Ukishakuwa na mafumbo matatu, nukta nyekundu, bluu na nyeusi zitakuokoa yakichanganyika. Lakini usitie alama yoyote kwenye migongo ya zile kadi za jozi. Watu huchanganya mambo haya mawili.

Umefaulu ikiwa: mtoto anakizungusha kipande mkononi akitafuta upande wake kabla ya kukisukuma. Anayesukuma kwa ngumi bado anahitaji vipande vichache zaidi.

## Hatua ya 8: Kucheza, kwa siku, sio kwa haraka

Umetengeneza kitu kizuri. Sasa usikiharibu kwa kukimwaga chote mkekani.

### Siku ya kwanza: matunda yenyewe

Nunua ndizi mbili, parachichi mawili, machungwa mawili. Pale sokoni Sokomatola au Mwanjelwa hutakosa. Yaoshe, yatie kwenye kapu. Toa ndizi moja, mwambie: "Nitafutie mwenzake."

Picha ni bapa, haina harufu, haina uzito. Kwa mtoto wa miaka mitatu, kutoka kwenye tunda mpaka kwenye picha ni safari, na hapa unamshika mkono. Akishaweza, weka kadi ya ndizi mkekani aweke ndizi juu yake. Neno "mwenzake" likikaa kichwani, kazi yote ya mbele inakuwa nyepesi.

Kama bibi yupo na anayaita matunda kwa Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe, mwache. Mtoto atabeba majina yote mawili bila kuchoka.

Mchezo ukiisha, mle matunda. Zabibu nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinakaba. Zikate kwa urefu.

### Siku ya pili hadi ya nne: kadi zikiwa wazi

Chukua jozi tatu tu, kadi sita. Zipange nyuso juu. Inua moja, taja jina lake, mwache atafute mwenzake. Hakuna kufunika bado.

Hapa mtoto anajifunza kulinganisha. Kufunika kadi kunaongeza kazi ya pili, kukumbuka, na ukimpa kazi mbili mpya kwa pamoja hujui ni ipi inayomshinda.

### Siku ya tano na kuendelea: kufunika

Jozi tatu zile zile. Changa kadi, zipange kwa mistari miwili ya kadi tatu, migongo juu. Kila mtu kwa zamu anafunua mbili. Zikifanana anazichukua, zisipofanana anazifunika.

Kanuni moja ndogo inabeba mchezo wote: kadi irudi pale pale ilipokuwa. Watu wazima ndio wahalifu wakubwa. Baba ananyanyua kadi, anaiangalia karibu na uso, anairudisha popote palipo wazi. Mtoto alikuwa ameshakariri kwamba papai liko pembeni karibu na mguu wa bibi, sasa halipo. Ataona mchezo ni wa kubahatisha, na akishaona hivyo ataacha kukumbuka. Kadi igeuzwe bila kuinuliwa mkekani, kama unavyogeuza chapati.

Ya pili: kadi mbili zisizofanana zibaki wazi mpaka uhesabu taratibu moja, mbili, tatu. Watu wazima hufunika haraka mno, mtoto bado anaangalia ya kwanza.

Ya tatu: sema mahali kwa sauti. "Kumbe nanasi lipo huku juu, upande wa mlango." Humpi jibu, unamwonyesha namna ya kukumbuka.

### Kwa nini jozi tatu na sio sita

Hesabu ni rahisi. Ukiwa na kadi 6 na umefunua moja, zimebaki 5 na mwenzake ni mmoja kati ya hizo. Bahati ni moja kwa tano. Ukiwa na kadi 12, bahati ni moja kwa kumi na moja. Ukiwa na 20, ni moja kwa kumi na tisa. Kwa mtoto ambaye bado hajajua kukariri mahali, bahati ndiyo inayomweka kwenye mkeka siku za mwanzo. Ukimnyima bahati hiyo, anakosa mara kumi mfululizo na kadi zinaruka dirishani.

Ongeza jozi moja tu kila anaposhinda kwa kukumbuka mara mbili au tatu. Wengi wa miaka minne nilionao huishia kwenye jozi nne au tano na wanafurahi. Wa miaka sita humaliza jozi sita na kuanza kunidai nyingine.

Umefaulu ikiwa: amefunua kadi ya kwanza, na mkono wake wa pili tayari unaelekea mahali fulani kabla macho hayajatafuta. Dalili nyingine, ya kuchekesha, ni akianza kuchungulia kwa kuinua pembe ya kadi. Ameshaelewa kwamba mahali pana maana. Mkataze, lakini ndani ya moyo wako furahi.

### Muda

Dakika kumi. Acha angali anataka. Mimi nafunga mfuko wakati wanasema "tena mwalimu," na kesho wananikumbusha wenyewe.

## Mambo yanayokwama, na nini cha kufanya

Anazirusha au kuzitafuna. Kama ana miaka miwili, ni mapema. Rudi kwenye matunda ya kapuni. Kama ana minne, punguza jozi.

Ndugu mkubwa anamshinda kila mara. Mpe mkubwa kazi ya kuchanga na kupanga, au mchezeshe kwa kadi kumi na mbili wakati mdogo anacheza na sita pembeni. Kushindana kwao waziwazi kabla mdogo hajakomaa kunaishia kwenye kilio, na mara nyingi kilio cha mzazi.

Anajua tunda lakini hasemi. Usimlazimishe kutaja jina ndipo apewe kadi. Sema wewe kila mara, atadaka.

Anashindwa fumbo la vipande 4 wakati la 2 alilimudu. Mpe vitatu vikiwa vimeshapangwa, yeye amalizie kimoja. Kesho mwachie viwili. Kumalizia ni rahisi kuliko kuanza.

Anataka simu. Michezo ya kulinganisha matunda kwenye simu ipo mingi na sina ugomvi nayo, safarini kwenye basi la Iringa inasaidia kweli. Ila kwenye simu mahali pa kadi ni nusu ya kidole. Mkekani anasogea, anapiga magoti, ananyoosha mkono mpaka kwenye kona, na mwili nao unakumbuka.

## Seti ya pili inapohitajika

Mtoto akimaliza jozi sita bila jasho, usiongeze matunda kwanza. Toa kopi nyingine ya ule mchoro: paka kila tunda jeusi tii, lionekane umbo tu, ubandike kama kawaida. Sasa analinganisha tunda na kivuli chake. Baada ya hapo tengeneza jozi za nje na ndani: parachichi zima na lililokatwa, pasheni zima na lenye mbegu zake, papai zima na lililopasuliwa. Hapo mtoto anatakiwa kujua tunda, jicho peke yake halitoshi. Kabla ya kumpa kadi hizo, mpitishe jikoni unapokata matunda, aone mwenyewe.

Ile tofauti ya chungwa na chenza niliyoikataza mwanzoni, ruksa sasa.

## Kuzitunza

Gundi ya unga ni chakula, na panya na mende wanajua hivyo. Zitundike kwenye mfuko wa kitambaa ukutani, usiziweke kwenye kabati la jikoni. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu na kualika ukungu.

Ukiweza kumudu lamineshini dukani, bandika kwanza karatasi za picha kwenye manila bila boksi, zivalishwe plastiki, ndipo uzikate. Zitadumu, lakini zitateleza na zitakuwa nyembamba, kwa hiyo zichezewe juu ya mkeka au blanketi ambapo kidole kinaweza kupita chini. Kwenye sementi hazinyanyuki.

Ndani ya mfuko weka karatasi iliyoandikwa idadi: kadi 12, vipande 4. Mtoto ahesabu anaporudisha. Ikipungua moja, itafuteni chini ya kochi kabla ya kulala, na isipopatikana toa mwenzake nje ya mchezo siku hiyo hiyo. Kadi moja isiyo na jozi ikibaki kwenye seti, mtoto ataitafutia mwenzake jioni nzima.

Kama kopi ya akiba na mchoro wa kwanza bado vipo, usitengeneze kadi moja mpya peke yake, mgongo wake utang'aa kuliko wa zile zilizochakaa. Tengeneza mbili za tunda hilo na uondoe ile ya zamani, kisha wewe na mtoto mzichafue kidogo kwa mikono yenye vumbi kabla ya kuzichanganya na wenzake.